Mche Wako na Kiangazi cha Kwanza

Hotuba niliyoitoa kwa wakazi wa mtaa wetu, Ilemela, Mwanza, Jumamosi moja ya mwezi Mei. Naiweka hapa yote kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini, mwaloni au msibani na hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, shikamooni. Akina mama wa kikundi mlioandaa shughuli hii, vijana, na ninyi watoto mliokaa pale juu ya jiwe, mwangaluka! Sijasikia vizuri. Mwangaluka! Haya, sasa tuko pamoja.

Nimeombwa niseme juu ya kutunza miche ya matunda, na nimefurahi kwamba hamkuniomba niseme juu ya kupanda. Kupanda tunakujua. Tarehe 1 Aprili, Siku ya Kupanda Miti Kitaifa, majembe yalishikwa nchi nzima. Hapa kwetu miembe ilipandwa, michungwa ilipandwa, miparachichi ilipandwa, picha zikapigwa, zikatumwa kwenye makundi ya simu. Sasa tuko Mei. Masika inatuaga. Ikifika Juni anga la Mwanza linakauka, na kuanzia hapo mpaka vuli irudi mwezi wa kumi, mche wako hauna mawingu ya kuutazama. Unautazama mkono wako. Nawauliza: nani hapa amekwishapanga ni mtu gani nyumbani kwake atakayemwagilia mwezi wa saba? Inueni mikono. Naona mkono wa mama yule, na wa mzee pale nyuma. Basi. Hiyo ndiyo sababu nimekuja.

Neno langu la leo ni hili: mti wa matunda hufa au hupona katika kiangazi chake cha kwanza na cha pili. Mwembe wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine, ukivuka hapo, mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuzaa, na mizizi yake imekwenda chini inajitafutia. Usipovuka hapo, hata ungekuwa mche wa bei kubwa kuliko yote kitaluni, umebaki kijiti cha kuwashia moto.

Kuna taasisi moja, jina naliacha, ilipanda miche kwenye mteremko wake kwa mistari iliyonyooka kabisa. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na wageni, na kila mche uliwekewa kibao chenye jina la mgeni aliyeupanda. Nilipita pale mwezi wa tisa. Vibao vilikuwepo. Miche haikuwepo. Kila mche ulikuwa na jina la aliyeupanda, na hakuna hata mmoja uliokuwa na jina la anayeumwagilia. Iliniuma, ndugu zangu, na inaniuma mpaka leo, kwa sababu ile ilikuwa miche mizuri, na kuna mtu aliilea kwenye viriba miezi mingi kabla haijafika pale.

Kwa hiyo nianze na wale ambao bado mna miche kwenye viriba. Msiipande sasa! Najua ardhi bado ina unyevu na mkono unawasha. Ukipanda mche leo, mizizi haijatoka hata kwenye bonge lake la udongo, kiangazi kinaukuta. Uacheni kitaluni, chini ya kivuli chepesi, umwagilieni, na mtumie miezi hii kuchimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu wekeni upande mmoja, wa chini upande mwingine. Vuli ikishika vizuri, changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza, mpande, na mche utakuwa na miezi ya mvua mpaka Mei inayofuata. Hiyo ndiyo kalenda ya kwetu. Sherehe ya Aprili ni nzuri kwa kuhamasisha, ila kwa mtu wa Mwanza mwenye mche mmoja na ndoo moja, Oktoba na Novemba ni bora zaidi.

Na wale mliokwisha kupanda masika hii? Ninyi ndio ninaosema nanyi leo.

Tuzungumze maji, maana hapa ndipo miche mingi inapopotelea. Ziwa liko pale, tukisimama mlangoni tunaliona. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika! Lakini maji yake hayapandi mlima yenyewe. Yanapanda kwa mashine na mabomba, na mwisho wa mwezi bili inaingia. Kwa hiyo sitawaambia mmwage maji mengi. Nitawaambia namna ya kuifikisha ndoo moja inakotakiwa.

Kijana mmoja wa Nyasaka, fundi magari, alikuwa na mwembe aliokuwa akiupenda kwelikweli. Kila jioni akitoka gereji anaushikia mpira wa maji, dakika moja au mbili, majani yanang'aa, udongo unakuwa mweusi, anaingia ndani ameridhika. Kila jioni, bila kukosa. Mwezi wa nane akapata msiba Sengerema, akakaa huko wiki nzima. Aliporudi mwembe ulikuwa umekauka. Akaja kwangu akisema ameuziwa mche mbovu. Nikamwambia twende tukauchimbe. Tulipochimba tukakuta mizizi yote imetambaa juujuu, kina cha kiganja tu. Chini hakuna kitu. Maji ya kijana yule hayakuwahi kushuka chini hata siku moja, sasa mizizi ingefuata nini huko? Mche ulikuwa mzima. Ulifundishwa kuishi juu ya ardhi, na juu ya ardhi ndipo jua linapochoma kwanza.

Sikilizeni basi. Mwagilia siku chache, ila ukimwagilia, mche ushibe. Kwa mche wa masika hii, ndoo ya lita 20, mara mbili kwa wiki. Ukishatoa majani mapya na kuonyesha kwamba umeshika, mara moja kwa wiki unatosha, na hiyo mara moja iwe ndoo kamili. Mimina polepole. Nusu ndoo, subiri izame, kisha nusu iliyobaki. Asubuhi na mapema au jioni. Na kabla hujamwaga, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, acha, rudi kesho. Kikitoka kikavu, leta ndoo.

Sisi wa milimani, huku kwenye mawe, udongo wetu ni ule wa mchanga ambao Wasukuma tunauita luseni. Maji hupita ndani yake haraka, na mvua ikinyesha hukimbilia bondeni kabla hujafunga dirisha. Kwa hiyo upande wa chini wa mche jenga kingo ya nusu duara kwa mawe na udongo. Mawe tunayo, Mungu ametupa mawe kuliko mkoa wowote ninaoujua! Kingo hiyo inashika maji ya ndoo na inashika pia zile mvua chache za mwisho. Lakini wewe uliyepanda kule chini kwenye mbuga, kwenye udongo mweusi unaonata, fanya kinyume. Kwako adui ni maji yanayosimama. Mparachichi hasa hauvumilii kabisa: mizizi ikikaa majini inaoza, na majani yananyauka kana kwamba mti una kiu, halafu mwenyewe anauongezea maji. Huko panda juu ya tuta. Kama mparachichi wako umeshapandwa shimoni kwenye mbuga na bado ni mdogo, ushauri wangu ni kwamba vuli ikianza uung'oe na bonge lake la udongo, uupandishe kwenye tuta.

Kuna mambo mawili yasiyo na gharama. Mama mmoja wa Kiseke alichukua chungu cha udongo, kile kisichopakwa rangi, akakizika hatua moja fupi kutoka kwenye mchungwa wake, mdomo ukabaki nje. Anakijaza maji, anakifunika ili mbu wasizaliane, maji yanavuja taratibu kwenye ukuta wa chungu, na mizizi inakifuata kule chini. Akisafiri siku nne, hana wasiwasi. Hiyo ni moja. Ya pili, tembeeni mtaani kwenu mkatazame ni miti ipi imestawi bila mtu kuihangaikia. Mtaikuta karibu na karo, karibu na bafu, karibu na pale mama anapomwaga maji ya kuoshea mboga na mchele. Inakunywa kila siku bila mtu yeyote kukumbuka wajibu. Ndiyo maana ninasema mti upandwe njiani mwa miguu yako ya kila siku. Mche ulioko kona ya mbali ya kiwanja utausahau, hata ukiwa mtu mwema kiasi gani. Maji yenye dawa ya kutolea madoa au chumvi nyingi msiuwekee. Na karibu na karo haimaanishi kugusa ukuta wa nyumba: mwembe upe angalau hatua sita au saba kutoka ukutani, na usiupande chini ya nyaya za umeme, maana utakuja kukatwa ukiwa ndio kwanza unaanza kuzaa.

Sasa matandazo. Mbona tunafagia uwanja mpaka unang'aa, tunachoma majani, halafu tunalia udongo umekauka? Uwanja uliofagiwa ni mzuri machoni, nakubali, lakini kuzunguka mche acheni usafi huo. Ng'oeni magugu kwenye duara la nusu mita hadi mita moja, maana nyasi hunywa maji yale mliyoyalipia, kisha funikeni duara hilo kwa majani makavu, mabua au pumba za mpunga. Unene wa kiganja. Pumba kwenye mashine za kukoboa zipo tele, mahali pengine unapewa bure ukienda na kiroba chako.

Kule Igombe kuna mama ambaye mumewe ni mvuvi. Gugu maji lilijaa pale wanapotia mitumbwi. Hili gugu mnalijua, limetutesa ziwani tangu miaka ya mwisho ya 1980. Wavuvi walikuwa wakilivuta na kulirundika pwani ili mitumbwi ipite, likioza na kunuka. Mama yule akaanza kulichukua lile lililokwisha vutwa nje, analianika juu ya mawe mpaka likauke kabisa livunjike mkononi, kisha analitandaza chini ya mipera na michungwa yake. Kiangazi chote udongo wake ulikuwa na ubaridi ukiweka mkono. Ni mali tunayoiita takataka! Lakini nawasihi kwa jambo moja, na hapa nasema na wazazi: msiwatume watoto kuingia majini kulivuta. Konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu hayohayo, na mamba wapo. Chukueni lile lililoko nchi kavu, mvae buti.

Na matandazo yasiguse shina. Acheni nafasi ya kiganja kizima kati ya majani na shina. Ukiyarundika mpaka shingoni, unawajengea mchwa nyumba yenye chakula mlangoni, na ganda la shina linakaa na unyevu mpaka linaoza. Ukiona mchwa wameanza kupandisha vinjia vya udongo kwenye shina, vikwangue mara moja, sogeza matandazo, zungushia majivu, na mwagilia vizuri, kwa kuwa mchwa huwahi mti ulionyong'onyea. Samadi nayo iwe imeoza sawasawa. Samadi mbichi kutoka zizini inaunguza mizizi.

Naja kwenye shina lenyewe, na hapa nawaomba utulivu, watoto wangu pale juu ya jiwe, kwa sababu kisa hiki kimewatokea watu wengi.

Mama mmoja wa Buswelu alinunua mchungwa wa kubebesha. Alifanya kila kitu: shimo, samadi, maji, matandazo. Mti ukakua kwa kasi iliyomshangaza, ukawa na miiba mirefu, ukawa mrefu kumpita. Mwaka wa nne ukazaa. Akawaita majirani. Akachuma, akamenya, akaonja. Limau! Limau chungu lenye ganda la mabonde. Akadhani amedhulumiwa kitaluni. Nikaenda kuutazama. Chini kabisa, karibu na udongo, nikakuta kisiki kidogo kikavu, kama kidole. Hicho ndicho kilichokuwa mchungwa wake.

Mmeelewa? Mche wa kubebesha ni miti miwili. Chini kuna mlimao wa kienyeji, ambao mizizi yake ni migumu na inahimili. Juu kimefungwa kikonyo cha mchungwa mzuri. Mlimao ule wa chini haujafa, na una nguvu kuliko mgeni wake. Kila mara utajaribu kuchipua chini ya kiungo, na ukiuacha utajichukulia maji yote na chakula chote. Kwa hiyo kila wiki, ukienda na ndoo yako, inama utazame chini ya kile kifundo, pale miti hiyo miwili ilipoungana. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kifundo, ling'oe kwa kidole likiwa bado laini. Usisubiri liwe tawi. Usilionee huruma kwa sababu limenawiri. Na kifundo chenyewe kisifukiwe kamwe, kiwe juu ya udongo na juu ya matandazo. Kwa miembe ni vilevile, ni vilevile kwa miparachichi.

Halafu ule utepe wa plastiki uliofungwa pale kwenye kiungo, mmeutoa? Kiungo kikishapona na matawi yakaanza kukua, utepe ule unakuwa kitanzi. Shina linanenepa, plastiki haitanuki, na siku moja ya upepo wa mchana kutoka ziwani mti unakatikia palepale. Uukate kwa wembe, taratibu, upande ulio kinyume na kikonyo. Ukiweka kijiti cha kuegemeza mche, fungia kitambaa au ukanda wa mpira wa baiskeli, uwe na ulegevu. Waya usitumike.

Samaki mkunje angali mbichi, sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa. Mche ukifika urefu wa kiuno hadi kifua, kata ncha ili utoe matawi. Chagua matatu au manne yaliyotazama pande tofauti, mengine ondoa. Mwembe uliofunzwa hivyo, mtoto atachuma akiwa amesimama chini. Ambao haukufunzwa, mnajua wenyewe, kila msimu wa maembe hospitali zinapokea watoto waliovunjika mikono.

Kuna jambo moja gumu, si kwa mikono, ni kwa moyo. Mche wa kubebesha unaweza kutoa maua mwaka wake wa kwanza, ukiwa mfupi hivi. Mzee mmoja wa Ukerewe, kisiwa chenye machungwa yake matamu, alikuwa akipita kwenye michungwa yake michanga na kuyachuma maua yote, wajukuu wakimfuata wanalia. Walimwambia, "Babu, unatunyima machungwa!" Akawajibu kwamba mti huu bado ni mtoto, hauwezi kubeba mtoto. Mwaka wa kwanza aliondoa yote. Wa pili pia. Mwaka wa tatu aliacha machache. Fanyeni kama yeye. Tunda moja unalolila mwaka huu linaidai mizizi ambayo ingekuvusha kiangazi kijacho. Mama, najua umeusubiri mwembe huo. Toa maua.

Wanyama nitawapitia haraka, maana hapa kila mtu ana kisa chake. Mbuzi wa jirani haji mara mbili, mara moja tu inamtosha kumaliza kazi. Zungushia mche miiba ya michongoma au fito leo, kabla ya kulala. Kuku wanafukua matandazo, basi wekeni mawe machache juu yake. Na ninyi watoto, nina kazi yenu. Kwenye michungwa michanga mtaona kitu kama kinyesi cha ndege kimekaa juu ya jani. Kitazameni vizuri, ni kiwavi! Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Hang'ati. Mche mdogo anaweza kuumaliza majani yote kwa siku chache. Kila asubuhi kabla ya shule, kagueni majani, waokoteni. Dawa ya kupuliza haihitajiki kwa mche ambao mtoto anaufikia wote kwa mkono. Mkiona ugonjwa msioufahamu, muiteni afisa ugani wa kata, ni haki yenu, na kwa maswali ya udongo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, pale Misungwi, wako karibu kuliko tunavyofikiri.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi naomba leo usiku, mkiwa mezani, kila nyumba ihesabu miche yake, na kila mche upewe mtu mmoja. Usiseme "tutaumwagilia". Sema, mwembe wa karibu na karo ni wa Baba, mchungwa ni wa dada mkubwa, mpera ni wa mdogo wake. Mwenye mche ndiye anayebeba ndoo Jumatano na Jumamosi, ndiye anayeinama kutazama chini ya kifundo, na akisafiri ndiye anayemwomba mwingine amshikie. Nimewaona walimu wakifanya hivi na wanafunzi wao, nimewaona wajane wakifanya hivi na wapangaji wao. Miche yao ipo.

Maswali tutayajibia bustanini, si hapa kwenye viti. Nyumba ya pili kutoka hapa, kwa mama mweka hazina wa kikundi, kuna mchungwa ambao utepe wake bado uko shingoni, na amekubali tuutoe mbele yenu. Mwenye wembe aje nao. Watoto, tangulieni mkatazame kama kuna viwavi. Wabeja sana.